Kuhama Kasaji kipindi cha mvua: hesabu utalala njiani mara ngapi

Kutoka Kasaji hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 200, na Mutshatsha iko karibu katikati. Umbali huo ni uleule Julai na Januari. Kinachobadilika ni mara ngapi utalala njiani huku godoro lako likiwa juu ya kamio, na hapo ndipo fedha zinapopotelea. Wengi wanapatana na shofere kwa wingi wa mzigo, wanafurahia kupunguziwa kidogo, kisha wanailipa ile nafuu mara mbili: chakula cha barabarani cha watoto wanne, kabati lililovimba hata milango haifungi, unga ulioshikana donge ndani ya mfuko. Kwa hiyo nitalinganisha njia za kuhama kwa swali moja tu: hii ikichelewa siku mbili, itanigharimu nini?

Kwetu Lualaba mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili. Mara nyingi hainyeshi kutwa nzima. Asubuhi jua linawaka, mchana mawingu yanajikusanya, alasiri upepo unakuja na vumbi mbele, na nusu saa baadaye barabara ni mto. Wakati mzuri wa kuhama kila mtu anaujua: Julai au Agosti, njia kavu, shule zimefungwa mpaka Septemba. Lakini kazi ya mgodini haingoji Julai, mwalimu anapewa kituo kipya katikati ya mwaka, na mwenye nyumba akisema mwanawe anaoa, wewe ndiye unayetoka. Upepo ukishachukua malata ya nyumba nao haukuulizi kalenda. Haya nayaandika kwa yule asiye na uhuru wa kuchagua mwezi.

Uamuzi wa kwanza hauhusu kamio. Ni huu: watu na vyombo visafiri siku moja, au vitengane? Tumezoea kuhama kwa pamoja, mama mbele na shofere, baba na vijana juu ya mzigo, kuku ndani ya kikapu. Kiangazi ni sawa. Kipindi cha mvua hiyo ndiyo njia ya ghali kuliko zote, maana gari likikwama, vinywa vyote vimekwama nalo.

Fanya hesabu kwa tarakimu za mfano, kisha weka zako mahali pake. Tuseme Kasaji unalipa dola 20 kwa mwezi na nyumba uliyoipata Kolwezi ni dola 60. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi: miezi mitatu ya kodi, haizidi. Hapo ni 180. Komisioneri naye kwa kawaida anataka mwezi mmoja, 60. Kodi ya mwezi wa kwanza, 60 nyingine. Hujafunga hata sufuria moja na dola 300 zimekwisha ondoka. Mwenye nyumba anayedai garanti ya miezi sita anavuka sheria, na wapo wanaodai, na wanapata watu, kwa sababu migodi haiachi kuleta wapangaji wapya. Angalau uijue namba ya sheria unapokaa naye kupatana. Kuna wenye nyumba wanaolegea wakisikia tu kwamba unaijua.

Sasa ongeza mwezi mmoja wa kodi ya Kasaji juu ya zile 300. Ni dola 20. Fedha hizo zinanunua kitu ambacho shofere hawezi kukuuzia: nafasi ya kungoja. Watu wanatangulia na mabegi, watoto wanaanza shule, mzigo unabaki chini ya paa Kasaji na ndugu mmoja wa kuulinda, mpaka zipatikane siku tatu kavu mfululizo. Wengine wanafanya kinyume. Wanaharakisha mzigo Kolwezi na kulipa nyumba ya kule ikae bila watu, kwa hofu ya kunyang'anywa, huku familia bado iko Kasaji. Huko ni kushikilia nyumba ya dola 60 badala ya ile ya dola 20. Ukiogopa kunyang'anywa, lipa, andikishana, chukua ufunguo, weka kufuli lako. Kufuli halilali njiani.

Wenye watoto wa shule wachukue mapema matokeo ya mwanafunzi na barua ya kuhama kutoka kwa mkuu wa shule. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure nchini, lakini mwalimu mkuu wa Kolwezi atataka karatasi, na kurudi Kasaji Februari kwa ajili ya karatasi moja ni safari nzima.

Tuje kwenye kamio. Kuna kukodi gari zima, mara nyingi Fuso, na kuna kununua nafasi kwenye gari la mfanyabiashara. Kabla hujauliza bei ya chochote, uliza gari hilo linakwenda na nini na linarudi na nini. Magari yanayotoka Kolwezi kwenda Kasaji na Dilolo yanabeba saruji, malata, sabuni, chumvi, bia. Yanayorudi yanabeba makala, mihogo na mahindi. Mahindi ya huku huvunwa kuelekea Aprili na Mei, kwa hiyo Mei gari linalokwenda Kolwezi limejaa na nafasi yake ni ghali. Januari mashamba bado ni mabichi, na shofere anayerudi Kolwezi ana nafasi tupu inayomuuma. Hapo wewe ndiye mwenye nguvu ya kupatana. Anayehama kutoka Kolwezi kwenda Kasaji hana bahati hiyo. Anagombea nafasi na saruji, na saruji haibembelezi. Akubali bei, au anunue vitu vyake vizito akifika.

Nafasi kwenye gari la mfanyabiashara inaonekana rahisi mpaka uhesabu kungoja. Gari linaondoka likijaa, si saa uliyoambiwa. Kisha linasimama kila kijiji kuongeza mifuko ya makala, na mifuko hiyo haiwekwi chini ya godoro lako, inawekwa juu yake. Maji ya mvua yakipita katikati ya makala yanashuka meusi. Godoro la sponji linayanywa yote, kitambaa kinageuka rangi ya bati la zamani, na kulikausha kunahitaji siku kadhaa za jua kali, jua ambalo msimu huu halipo. Baada ya wiki linanuka ukungu na mtoto mwenye pumu hawezi kulilalia. Kwa hiyo ukiambiwa bei ya nafasi, ongeza bei ya godoro jipya kisha ulinganishe. Mara nyingi tofauti na gari zima inakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Gari zima lina faida moja ambayo wakati wa mvua inazidi zote: wewe ndiye unayesema saa ya kuondoka. Kupakia kunamalizika jioni, gari linatoka saa kumi na moja alfajiri, na sehemu mbaya zinapitwa kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika. Bei yake ni nzito kwa familia moja. Kwa familia mbili au tatu zinazohama mwezi mmoja, walimu wa shule moja kwa mfano, inagawanyika vizuri, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote. Kuna shida ndogo: nani mzigo wake uwe chini? Kubalianeni kabla ya kupakia. Waliofungia mabegi yao chini kabisa wanashuka wa mwisho, na ugomvi wa usiku wa manane mbele ya nyumba usioijua si mwanzo mwema wa ujirani.

Barabara yenyewe ni ile ya kitaifa namba 39, inayopita Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji kwenda Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Kwenye njia za udongo mvua ikinyesha hushushwa kizuizi, na magari mazito yanangoja saa kadhaa mpaka ardhi ishike. Ni utaratibu wenye akili, maana kamio moja likipita kwenye udongo laini linaacha makorongo yatakayowakwamisha wengine kumi. Lakini katika mapatano watu wanausahau. Jaribu kuuliza: "Papa shofere, tukilala kwenye kizuizi, nani analisha watu?" Jibu utakalopewa ni lilelile: "Mama, ile ni mambo ya Mungu." Mambo ya Mungu nayo yana bei. Yaandikwe kwenye karatasi: siku ya kwanza ya kungoja ni juu ya mwenye gari, ya pili mnagawana, chakula cha shofere na konvuayeri wake ni juu yao wenyewe. Gari likizama, koleo na mikono ya vijana wa kijiji vinalipwa na mwenye gari. Gari likiharibika, yeye ndiye anayetafuta jingine. Lipa nusu wakati wa kuondoka na nusu vyombo vikishashushwa. Shofere aliyekwisha lipwa yote hana haraka ya kutoka Mutshatsha.

Kuna jambo moja ambalo hata karatasi haiwezi kulipatanisha. Maji yanayokwenda kasi, yakifika nusu ya muundi wako, sentimita 15 tu, yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinachukua magari mengi. Shofere akisema "tunapita tu" mbele ya daraja lililofunikwa na maji, shukeni, hata kama yeye ataendelea. Godoro linanunuliwa.

Na reli? Kasaji ni mji wa reli. Njia ya Tenke hadi Dilolo iliunganishwa na ile ya Benguela mwaka 1931, na kutoka Kolwezi hadi Dilolo ni kilomita 427 za reli ya shirika la taifa, SNCC. Siku hizi inasemwa sana kwa jina la ushoroba wa Lobito. Upande wa Angola ulikabidhiwa Julai 2023 kwa muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30, na shaba imeanza kwenda bahari ya Atlantiki kwa njia hiyo. Mpangaji mwenye vitanda viwili na mbabula asijidanganye, reli hiyo inafikiriwa kwa ajili ya shaba. Kwa mzigo mkubwa usiooza, kama mbao au mashine ya kusaga, behewa lililofungwa linaweza kuwa nafuu na kavu kuliko kamio lolote, ikiwa una subira ya wiki kadhaa. Ulizia kituoni siku ya treni, kisha panga kana kwamba siku hiyo itasogezwa. Ukipewa behewa la wazi, ni kamio lisilo na bashi.

Kupanda juu ya treni ya mizigo na vyombo vyako kusiwemo kabisa katika ulinganisho. Machi 2022, treni ya mizigo iliyokuwa imepandwa na watu kinyume cha sheria ilianguka katika wilaya ya Lubudi, humuhumu Lualaba, na watu wapatao 75 wakafa. Nauli ya bure ya namna hiyo sijui ilinganishwe na nini.

Pikipiki ya manseba ni nzuri kwa kazi moja: kumpeleka mtu mmoja mwenye begi moja akatazame nyumba na kuweka kufuli. Inapita kando ya makamio yaliyokwama na inafika. Kwa vyombo, ndani ya mji wa Kasaji tu, kutoka mtaa hadi mtaa, na hata hapo baiskeli inayosukumwa inabeba zaidi na haiangushi sahani. Safari kumi za baiskeli asubuhi moja kavu zinamaliza nyumba ndogo. Kodi kamio ndani ya mji kwa ajili ya kabati na jokofu pekee.

Kuna njia ya nne, kutohamisha. Uza kitanda, kabati na meza Kasaji, nunua vingine Kolwezi. Kitu kinachouzwa kwa haraka kinauzwa kwa bei ya kutupa, hilo halina ubishi, na jirani anayejua kwamba kesho unaondoka atangoja mpaka jioni ndipo aje na fedha zake. Hata hivyo kwa mbao laini na magodoro ya zamani hesabu mara nyingi inakubali. Kipimo changu ni hiki: kitu ambacho maji yanakiharibu na kinachukua nafasi ya mtu mzima garini, kiuze, kitu ambacho maji hayakidhuru, sufuria, bidoni, malata, viti vya plastiki, kibebe. Cherehani ibebe hata kwa magoti. Chakula kisiuzwe. Mihogo mikavu na mahindi ya Kasaji yatakuokoa mwezi wa kwanza Kolwezi, ambako kila kilo ya bukari inanunuliwa.

Kwa kinachobebwa, gharama yenye faida kuliko zote ni bashi ya pili. Watu wanafunika juu na kusahau kwamba sakafu ya kamio ni mbao zenye nyufa na magurudumu yanarusha matope kutoka chini. Tandika bashi ya kwanza kwenye sakafu, kingo zake zipande ubavuni. Juu yake weka malata au vitu vya chuma, kisha mabegi, kisha godoro limefungwa ndani ya nailoni na kusimamishwa wima ili lisipate kuzama kwenye maji. Kunja kingo za bashi ya chini kuelekea ndani, halafu shusha bashi ya juu ifunike mpaka nje ya mbao za ubavuni, na kamba za mpira wa tairi zipite chini ya chasisi. Ukiifunga ya juu ndani ya mbao, umetengeneza karai. Unga uwe ndani ya bidoni zenye kifuniko. Kadi ya mpiga kura, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za kiwanja na matokeo ya shule visiingie kwenye mzigo hata kidogo. Vinakaa mwilini mwa mtu, ndani ya mifuko miwili ya nailoni.

Dola nazo. Noti iliyochanika kidogo pembeni haipokelewi sokoni kwetu, na noti iliyolowa inachanika ukiikunjua tu. Ile nusu ya mwisho ya shofere ni bora ikae kwenye simu, M-Pesa au Airtel Money, kuliko ndani ya soksi.

Radi ina bei ya aina nyingine. Ukiuona mwale, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, kazi ya kupakia isimame, na isianze tena mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Wapakizi watanung'unika, wanalipwa kwa kazi. Ndani ya kabini ya chuma iliyofungwa vioo mtu yuko salama zaidi kuliko juu ya mzigo au chini ya mwembe. Kibanda cha malata kisicho na ukuta si kimbilio: Novemba 2024 katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi iliwaua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kusali ndani ya jengo la mabati.

Imebaki nyumba unayohamia, na hapa mvua inakuwa rafiki. Nyumba iliyotazamwa Agosti inadanganya, Januari haiwezi. Nenda kaitazame saa ya mvua au asubuhi baada yake. Angalia alama ya maji ukutani, pale chini ambapo rangi imebadilika. Angalia misumari ya malata kwenye kingo za paa, maana upepo unaanzia hapo. Uliza choo kinajaa au hakijai. Kolwezi, nyumba ya bei ndogo iliyo karibu na shimo la mgodi ihesabiwe mara mbili. Mtaa wa Kasulo uliona mamia ya familia zikihamishwa mwaka 2017 kupisha uchimbaji wa kobalti, na ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 ilieleza jinsi wakazi wa mtaa wa Cité Gécamines wanavyoishi na kuta zenye nyufa huku mgodi wa COMMUS ukipanuka. Mtaa ukihamishwa, mwenye kiwanja ndiye anayekaa mezani kudai fidia. Mpangaji anabaki na garanti ya kudai na msimu mwingine wa mvua wa kutafuta kamio. Nafuu ya dola 15 kwa mwezi hailipi hilo.

Kwa familia ya kawaida inayotoka Kasaji kati ya Desemba na Machi, uamuzi wangu ni huu. Watu watangulie bila vyombo. Nyumba ya Kasaji ishikwe mwezi mmoja zaidi. Kabati na godoro la zamani viuzwe. Gari zima likodiwe na familia nyingine, litoke alfajiri ya siku kavu, nusu ya malipo ikiwa bado kwenye simu yako. Asiye na hata hicho kibaba cha mwezi mmoja wa kodi anunue nafasi kwenye kamio linalorudi Kolwezi tupu, aandikishe nani analipa kizuizini, na bashi awe nayo yake mwenyewe.